Fulana zinafutika kwa kukosa joto, tusiusingizie wino

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Nyakato aliandika katika safu hii kwamba fulana zinazochapwa hapa Mwanza zikifuliwa mara mbili maandishi yanabaki kwenye beseni, na kwamba mafundi tunawauzia watu wino bandia. Naomba nafasi nimjibu. Nimechapa fulana kwa miaka 19, na sasa nina karakana ya chumba kimoja na baraza huku Mabatini. Alichokiona sikikanushi, maana nimekiona hata kwenye kazi ya mikono yangu. Ninachopinga ni sababu aliyoitoa. Wino bandia upo, lakini fulana nyingi ninazoletewa zikiwa zimebanduka zilichapwa kwa wino mzuri kabisa, na mkono uliochapa ulikuwa mzuri. Zilikabidhiwa zikiwa mbichi.

Niruhusu nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya masika, familia moja ya Igoma ilifiwa na mama. Watoto wake walifika kwangu saa nne asubuhi wakitaka fulana 80 nyeupe zenye picha ya marehemu kifuani, na chini yake jina na tarehe mbili. Maziko yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Kazi ya msiba haikataliwi. Nikatengeneza skrini, ile fremu iliyowambwa kitambaa chembamba kinachopitisha wino kwenye umbo la picha tu, nikamwita kijana wangu na mdogo wangu, tukaanza kuchapa. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika. Nje mvua, ndani fulana zimejaa kamba zote, na kikaushio kimezimika. Tukaazima pasi mbili za mkaa kwa majirani, tukawa tunaweka karatasi juu ya picha na kupiga pasi, moja baada ya nyingine, mpaka usiku wa manane. Kila tukimaliza nagusa kwa kidole. Wino haunati. Nikaridhika, na asubuhi nikawakabidhi.

Baada ya arobaini binti mkubwa wa marehemu alikuja karakana. Hakuja kwa ugomvi. Alinisalimia vizuri, akatoa fulana kwenye mfuko, akaikunjua juu ya meza na kuilainisha kwa viganja viwili kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto.

"Fundi," akaniambia, "tumemfua mama, amefutika."

Lilikuwa limebaki shavu moja na upande wa kilemba. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo, ya kufariki ilikuwa imeondoka. Sikuwa na la kusema isipokuwa pole, na pole yenyewe ilinitoka kwa shida.

Wino ule ulitoka kwenye ndoo ileile niliyochapia sare za kwaya mwezi mmoja kabla, na sare zile zimevaliwa miaka mingi bila kumeguka herufi hata moja. Fulana zilitoka duka lilelile, na raba iliyovuta wino ni ileile. Kilichokosekana usiku ule ni joto.

Sasa nieleze jambo ambalo wateja wengi hawalijui na mafundi wengine hawakuambiwa. Wino tunaoutumia sana mjini hapa ni plastisoli. Ni chembe ndogo za plastiki zilizochanganywa na mafuta ya kuzilainisha. Haukaushwi na upepo wala na jua la kuanikia nguo. Ukiuacha kwenye skrini wiki nzima utaukuta laini vilevile, na ndiyo maana mafundi tunaupenda, hautuzibii skrini. Lakini ili ushike nguo lazima uive. Ukipata moto, zile chembe zinavimba, zinayanywa yale mafuta, kisha zinaungana na kuwa ngozi moja iliyozikumbatia nyuzi za kitambaa. Kwa plastisoli ya kawaida inatakiwa ifike kama nyuzijoto 160, na siyo juu tu bali mpaka chini kabisa, pale wino unapokutana na nguo. Zipo aina mpya zinazoiva kwa joto dogo kuliko hilo, kwa hiyo hakuna namna ya kukwepa kusoma maelekezo ya kopo.

Mtego uko hapa. Wino ukifika kama nyuzijoto 100 tu, juu yake unaganda. Ukiugusa haunati, ukiutazama umeiva, ukiukunja haupasuki papo hapo. Kila mwenye nyumba anajua andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto kupita kiasi, juu limeshakuwa jekundu na ndani bado ni unga. Fulana ya namna hiyo ikikutana na maji, sabuni na mikono ya mtu anayefua kwa nguvu, kile kilichokuwa unga ndani kinaachia na ngozi ya juu inakifuata.

Pasi ya mkaa kwenye karatasi, kwa sekunde chache, na mtu amechoka, haiwezi kulifikisha joto hilo chini ya wino na kulituliza huko. Siku ile nilikuwa nakausha ngozi ya juu tu, mara 80.

Kuna jambo jingine la kwetu huku kando ya ziwa ambalo lilinichukua miaka kulielewa. Pamba inakunywa unyevu wa hewani. Fulana iliyokaa kwenye rafu mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila siku, ina maji ndani yake hata kama mkononi unaiona kavu. Ukiiingiza kwenye kikaushio, joto linaanza kwanza kuyafukuza yale maji, na mpaka yaishe kitambaa hakipandi. Kwa hiyo kikaushio kilichoivisha wino kwa dakika moja mwezi wa saba, mwezi wa nne dakika ileile inakutolea kazi mbichi, na fundi anaapa kwamba hajabadilisha kitu. Ni kweli hajabadilisha. Hali ya hewa ndiyo iliyobadilika. Siku hizi wakati wa masika naipitisha fulana tupu kwenye joto kidogo kabla ya kuichapa, na kasi ya kikaushio naipunguza. Asubuhi vilevile napasha mbao zangu za kuchapia kabla ya kazi ya kwanza, maana ubao uliolala na baridi unanyonya joto kutoka chini.

Kipimajoto cha bastola kinasaidia, na nawaomba mafundi wenzangu wakinunue kabla ya kununua rangi ya tano. Lakini kinasoma juu ya wino tu. Kwa hiyo hata ukiwa nacho, fanya majaribio ambayo hayana gharama. Chukua fulana moja ya kazi husika, iache ipoe kabisa, halafu ivute pale kwenye maandishi kwa mikono miwili. Wino ulioiva unavutika pamoja na nguo na kurudi. Wino mbichi unapasuka kama tope la mto Mirongo wakati wa kiangazi, na ukikwangua ufa kwa kucha unabanduka vipande. Jaribio la pili ni kufua. Fulana moja, sabuni ya unga, maji ya moto, sugua kama unavyosugua kola ya mwanafunzi, anika, rudia mara tatu au nne. Mimi sasa sikabidhi kazi ya zaidi ya fulana 20 bila moja yake kupita kwenye beseni.

Jirani yangu mmoja katika kazi hii, kijana hodari sana wa kuchora, aliniambia, "Dada, wewe una muda. Mimi mteja amesimama mlangoni anataka mzigo." Namwelewa. Naijua njaa ya kijana mwenye kodi ya fremu inayodaiwa. Ila yule aliyesimama mlangoni leo ndiye atakayerudi na mfuko, au hatarudi kabisa na atawaambia wenzake kumi.

Nimesema tatizo ni joto kukosekana, lakini lipo pia tatizo la joto kuzidi, na hilo linawahusu zaidi wapenda mpira. Nahodha wa timu moja ya mtaa kule Kirumba aliniletea jezi nyekundu za poliesta nimwekee namba nyeupe. Hiyo ilikuwa baada ya kisa cha Igoma, nami nilikuwa nimeapa sitatoa tena wino mbichi. Nikazipa moto wa kutosha, namba zikatoka nyeupe kama maziwa, nikazipanga moja juu ya nyingine zikiwa bado za moto, nikazifunga. Alizichukua Ijumaa jioni. Jumapili alinipigia simu kutoka uwanjani: namba zimekuwa za waridi. Nikadhani ananitania, nikapanda bodaboda nikaenda kuziona. Zilikuwa za waridi kweli, namba zote, kuanzia kipa mpaka wa akiba.

Rangi inayotiwa kwenye poliesta haikai kama ile ya pamba. Ikipata joto kali inageuka mvuke, inapanda na kuingia kwenye wino uliowekwa juu yake. Haifanyi hivyo mara moja ukaiona ukiwa karakana. Inaweza kuendelea kupanda saa nyingi, hata siku kadhaa baada ya kuchapa, na ukizirundika jezi zikiwa moto unakuwa umeitengenezea nyumba yenye joto la kupandia. Nyekundu na damu ya mzee ndizo mbaya kuliko zote, ingawa kijani kilichokoza na bluu nyeusi nazo zimewahi kunisumbua. Wino wa kawaida unataka nyuzijoto 160, na rangi ya jezi inaanza kuhama kabla ya hapo. Ukipunguza moto kwa wino uleule, unarudi kwenye ubichi. Kwa hiyo dawa ni wino mwingine, ule uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta na unaoiva kwa joto dogo. Kwa jezi zilizokoza sana natanguliza tabaka la kijivu la kuzuia rangi, ndipo naweka nyeupe juu yake. Jezi zinapoa zikiwa zimetandazwa, hazirundikwi. Kisha naichapa moja tu na kuiacha siku mbili au tatu kabla ya kuchapa zote. Zile za Kirumba niliwarudishia fedha yao, na namba nyingine niliwashonea za kitambaa.

Fundi asiyejua nguo aliyoletewa ni ya nini avute uzi mmoja kwenye pindo la ndani na auchome kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunyata na kuacha kishanga kigumu. Nguo za mchanganyiko zinaonyesha yote mawili. Lebo ya shingoni nimeacha kuiamini.

Yapo makosa mengine yanayozaliwa kabla wino haujamwagwa, kwenye skrini yenyewe. Mteja huyaona kama vidoa vidogo vya rangi mahali pasipo na maandishi, kama mtu aliyenyunyiza. Hivyo ni vitundu kwenye ile dawa tunayoipaka skrini ili mwanga uichome na kuacha umbo la maandishi. Vumbi ni chanzo, na mafuta ni chanzo kikubwa zaidi. Tuko mji wa samaki. Kijana wangu aliwahi kurudi kutoka chakula cha mchana, dagaa wa kukaanga wa Mwaloni, akanawa maji matupu na kushika skrini niliyokwisha kuiosha. Dawa ilipopakwa, pale vidole vyake vilipopita haikushika, na tulipoosha skrini baada ya kuichoma zikafunguka alama tano za vidole katikati ya nembo ya shule. Tangu siku hiyo skrini inaoshwa kwa sabuni ya kuondoa mafuta, inashikwa kwenye fremu tu, na haiguswi kitambaani na mtu yeyote, hata mimi.

Dawa isipokauka sawasawa haiwi ngumu hata uichome kutwa, na hapo masika yanatusumbua tena. Mimi nina kabati la mbao lisilopitisha mwanga lenye feni ndogo, skrini zinalala humo usiku kucha. Kuhusu kuchoma kwa jua, wengi wetu tumeanzia huko na sioni aibu. Jua la Mwanza ni kali na linafanya kazi haraka, lakini ziwa linaleta wingu bila kubisha hodi, na skrini mbili zilizochomwa kwa idadi ileile ya sekunde zinatoka tofauti. Ikichomwa kidogo mno dawa inamomonyoka katikati ya kazi. Ikizidi, mistari myembamba inaziba na haifunguki kwa maji. Mwenye taa apime mara moja kwa utulivu: afunike skrini ya majaribio kwa kadibodi na kuisogeza hatua kwa hatua, kila hatua muda ukiongezeka, aoshe, aone ni hatua ipi imetoa mstari safi bila kulegea. Aandike ukutani. Mimi nimeandika kwa makaa.

Picha ya mtu, kama ile ya mama wa Igoma, inavunjwavunjwa kuwa vidoa vidogo ndipo ichapwe, kwa hiyo inataka kitambaa cha skrini chenye nyuzi za kubana. Kwa maandishi manene ya fulana, kitambaa cha skrini namba 43, yaani chenye nyuzi 43 kwa kila sentimita, kinatosha. Kwa uso wa binadamu natumia 77. Nimeona picha za marehemu zilizochapwa kwa 43, mashavu yamejaa madoa kama mtu aliyeugua ndui, na familia inavumilia kwa sababu siku ya msiba mtu hana nguvu ya kugombana. Tusiutumie uvumilivu huo vibaya.

Maandishi yenye kivuli, au rangi mbili zisizokutana, mara nyingi ni skrini iliyolegea. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye ujana wake ulipita kwenye kiwanda cha nguo cha Mwatex, alikuwa akiigonga skrini kwa kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji. Ikitoa sauti ya kitambaa badala ya ngoma, anaivua yote na kuiwamba upya. Fremu zetu za mbao zinalowa kila siku, zinapinda, na mwisho pembe moja inakaa juu. Skrini inatakiwa isimame milimita mbili au tatu juu ya nguo, iiguse pale tu raba inapopita na kujinyanyua nyuma yake. Mimi nabandika sarafu ya shilingi 200 kwa tepu kwenye pembe za fremu na inanitosha. Ukiilaza skrini juu ya nguo moja kwa moja, wino unapakaa. Na raba iliyochakaa ukingo, ikawa na mviringo kama kisigino cha kandambili, inamwaga wino mwingi na kuharibu kingo za herufi. Inoe au ibadilishe.

Nyeupe juu ya fulana nyeusi ikionekana kama kijivu, fundi mwenye haraka anavuta mara tano kwa nguvu zote. Wino unapenya na kutokea mgongoni, na juu bado vinyweleo vya pamba vimechomoza. Vuta kwa nguvu kidogo, igandishe kwa hita sekunde chache, halafu weka tabaka la pili. Inatosha.

Wanaotumia wino wa maji wana shida iliyo kinyume na ya plastisoli. Ule unakauka kwenye skrini wenyewe. Kati ya mwezi wa sita na wa nane, upepo mkavu unapopita barazani, ukisimama kupokea simu unakuta herufi ndogo zimeziba. Skrini ifunikwe kwa wino kila baada ya mvuto, kinyunyizio cha maji kiwe karibu, na kazi ifanyike ndani mbali na upepo. Na wino huo nao unataka joto, au fiksa, dawa ya kuushikisha kwenye nguo, pamoja na siku kadhaa za kupumzika kabla ya kufuliwa. Mteja aambiwe hivyo kwa mdomo, isiwe siri ya fundi.

Kwa wenzangu mlio karibu na maji, mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi. Usiku wao msichape nyeupe huku taa imewaka na mlango uko wazi. Wino mbichi unawanasa, na baada ya moto hawatoki tena.

Ndugu Mhariri, sasa nifike kwa wale ninaowaomba jambo.

Wino mwingi tunaonunua rejareja hapa mjini hauji na kopo lake. Muuzaji ana ndoo kubwa, anakupimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, anafunga kifuniko, unalipa. Ile karatasi ya maelekezo imebaki kwenye ndoo dukani. Ndani ya chupa yangu kunaweza kuwa na wino wa nyuzijoto 160, au wa poliesta, au wa maji uliotiwa kitu nisichokijua, na kwa macho nyeupe zote ni nyeupe. Kijana anayeanza kazi, ambaye amenunua chupa mbili kwa akiba yake yote, atajuaje? Atachapa, atagusa kwa kidole, atakabidhi. Kisha msomaji wako wa Nyakato atamwita tapeli. Nawaomba wauzaji wa wino, na najua wengine wanasoma gazeti hili pale kaunta, muandike kwenye kila chupa mambo matatu: ni wino wa aina gani, unaiva kwa nyuzijoto ngapi, na kwa muda gani. Kalamu ya wino mzito na kipande cha tepu vinatosha. Mkiulizwa na mteja msiseme ni wino mzuri tu. Someni ndoo.

SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi hapa Mwanza, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo. Ningefurahi kuona mafunzo mafupi ya siku mbili kwa ajili ya wachapaji, yasiyohusu kitu kingine ila joto, unyevu na kutambua kitambaa. Kuchora vijana wanajua kuliko mimi. Niko tayari kwenda kusaidia bila malipo, na kikaushio changu nitakibeba.

Wateja nao nawaomba. Mkileta kazi ya harusi, ya kipaimara, ya kikundi, leteni siku nne kabla. Ulizeni kama fulana moja imefuliwa, na muonyeshwe. Mnapofua, igeuzeni ndani nje, na pasi isipite juu ya maandishi. Kwa msiba najua siku nne hazipatikani, na hakuna wa kuwalaumu. Msiba ukija umeme ukiwa umekatika, fundi awe na ujasiri wa kusema ukweli: fulana zitavaliwa kesho, zisifuliwe, zirudishwe wiki ijayo ziivishwe. Ningewaambia hivyo wale wa Igoma wangenielewa. Tangu hapo nimewaambia watu wa misiba mitatu maneno hayo, na wote walizirudisha.

Za Igoma zilirudi 63. Nilinunua fulana mpya na kumchapa upya mama yule kwa skrini ya namba 77, zikakaa kwenye joto mpaka nilipohakikisha, moja nikaifua mara sita mbele ya yule binti. Alikaa kwenye kigoda barazani akinitazama nikisugua, na mara ya sita aliinuka akaianika yeye mwenyewe. Ile ya zamani, yenye shavu na upande wa kilemba, nilimwomba aniachie. Imetundikwa ukutani juu ya kikaushio, anayekiwasha lazima aione.

Jumamosi baada ya saa nane mchana huwa sichapi. Fundi yeyote, wa Buhongwa, wa Igombe, hata wa ng'ambo Sengerema, mwenye fulana iliyomshinda, aulizie karakana ya mama wa fulana hapa Mabatini, aje nayo pamoja na chupa ya wino aliochapia. Tutaivuta, tutachoma uzi wake, tutaifua, na tutajua ilikosa nini. Na yule msomaji wa Nyakato namkaribisha aje na zake.

Wako,
Fundi wa kuchapa fulana,
Mabatini, Mwanza